Atakula Historia?

Ilikuwa baada ya arobaini ya marehemu shemeji yangu, huko Mbagala. Wageni walikuwa wamekwisha kula na kuondoka, akina mama wanaosha masufuria nyuma ya nyumba, na sisi wazee tumebaki mkekani kumaliza mambo ya ukoo: madeni ya marehemu, ada za watoto, nani atakaa na nani. Jambo la mwisho lilimhusu mjukuu wangu. Alimaliza shahada ya kwanza miaka miwili kabla ya hapo, anafundisha kwa mkataba katika shule moja ya binafsi, na sasa alikuwa anaomba ukoo umchangie ada ya shahada ya uzamili. Wazee waliitikia vizuri tu. Kisha mmoja akauliza, "Uzamili wa nini?" Binti akajibu kwa adabu, "Wa historia, babu."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kile cha watu walioshiba. "Atakula historia?" akasema mmoja. Mwingine, ambaye alikuwa karani wa bandari enzi zake, akasema kwamba kuchukua shahada ya pili ya historia ni sawa na kununua tenga la pili wakati la kwanza bado halijaona samaki. Wakacheka tena. Halafu wakanigeukia mimi, maana ndiye mwalimu wa ukoo: "Mwalimu, hebu mwambie mtoto." Nami niliyefundisha miaka thelathini na minane, kumi na saba ya mwisho nikiwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu, nikakohoa, nikasema jambo hili tutalizungumza siku nyingine. Binti akakusanya sahani zilizobaki, akaondoka.

Siku nyingine yenyewe ndiyo hii. Wazee wenzangu wa mkeka ule watanisamehe kama nitasema kwa ukali kidogo.

Kwanza niwape haki yao. Wanaosema hakuna kazi hawasemi uongo. Mwaka 2017 Serikali yenyewe ilitangaza kwamba shule za sekondari zina walimu wa masomo ya sanaa wa ziada, na wengi wakahamishiwa shule za msingi, huku walimu wa hisabati na fizikia wakitafutwa kwa tochi. Mjukuu wangu alisoma kwa mkopo. Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005 haisahau mtu. Siku akipata ajira ya kudumu atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mtu wa namna hiyo anapotaka kuongeza ada juu ya deni, mzee yeyote mwenye akili ana haki ya kuuliza. Ugomvi wangu uko kwenye kicheko, na zaidi uko kwenye nani tunayemcheka na nani tunayempigia makofi.

Maana makofi tunapiga. Ndugu msomaji, wewe umekwisha kwenda kwenye mahafali mangapi? Umeona majoho, umeona mashada ya maua ya karatasi shingoni, umesikia vigelegele. Katika majoho yale ya uzamili wa sanaa na elimu nimewajua wenyewe kwa wenyewe, kwani wengi walipita mikononi mwangu. Wapo waliokwenda kwa sababu daraja la mshahara lilikwama na karatasi ingelikwamua. Wapo waliokwenda kwa kuwa nyumbani hapakukalika. Kijana aliyehitimu akikaa bila kazi miaka mitatu anaonekana mzigo, lakini akisema "nasoma" anaheshimika. Wapo waliotaka kugombea ubunge, na bango la kampeni lina nafasi ya cheo kabla ya jina. Hao wote hakuna aliyewauliza watakula nini. Tulijua watakachokula.

Tena niseme na hili, liniume mwenyewe, maana lilitokea chuoni kwangu. Mkufunzi mmoja alirudi kutoka masomoni na shahada yake ya uzamili katika fasihi. Tukamfanyia hafla, tukachinja mbuzi. Baada ya miezi michache nikamwomba awaeleze walimu tarajali tasnifu yake ilihusu nini. Akaanza, akasimama, akaomba maji ya kunywa. Hakuwahi kuisoma. Iliandikwa na kijana mmoja aliyekuwa na meza yake kwenye duka la steshenari, kwa malipo ya awamu mbili, nusu kabla na nusu baada. Kijana yule wa steshenari, nilikuja kuambiwa, alikuwa amekosa ada ya kusomea uzamili. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Mwenye kiu ya kusoma aliketi barazani akiuza maji, na asiye na kiu ndiye aliyechinjiwa mbuzi.

Wala sijitoi. Mimi nilikwenda kuchukua uzamili wa historia mwaka 1986, na sitadanganya kwamba nilivutwa na mapenzi ya elimu. Nilitaka kuwa Mkuu wa Chuo. Mshahara ulikuwa hautoshi sabuni, ualimu ulikuwa unakimbiwa, na niliona wenye shahada ya pili wanaitwa kwenye semina zenye posho. Nilikwenda Mlimani na moyo wa mchuuzi.

Lakini kabla sijasema kilichonikuta huko, itabidi nirudi nyuma, hadi 1968. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nipo likizo nyumbani kwetu katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Siku moja akaja kijana wa Chuo Kikuu, amebeba mkoba na madaftari, viatu vimejaa udongo mwekundu. Alikuwa anatafuta wazee wanaokumbuka Vita vya Maji Maji. Kijiji kizima kilimshangaa. Mtu amesoma hadi Dar es Salaam, anakuja kuuliza mambo ya babu zetu ambayo hata sisi watoto tuliyachoka? Tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Tulidhani ni kachero wa kodi aliyejificha. Babu yangu peke yake ndiye aliyemkaribisha. Alizungumza naye jioni tatu, huku mimi nikitumwa kuleta maji na kuchochea moto. Nilikuwa nasikia sauti tu. Maneno sikuyatilia maanani, nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye ngoma.

Babu alifariki baada ya mvua mbili.

Sasa turudi Mlimani, 1986. Profesa alinituma maktaba, kwenye ule mkusanyiko wa vitabu na makaratasi ya Afrika Mashariki, nikatafute marejeo ya insha. Pale nikaletewa majalada ya kurasa zilizopigwa chapa kwa taipureta na kudurufiwa: taarifa za utafiti wa Maji Maji wa 1968. Nikafungua bila hamu. Nikakuta mzee mmoja wa vilima vya kwetu anasimulia jinsi Wajerumani walivyoamuru kila jumbe awe na shamba la pamba, jinsi watu walivyotolewa kwenye mashamba yao wenyewe wakati wa palizi, jinsi akida alivyosimama juu yao na kiboko. Hakuwa babu yangu. Lakini ilikuwa ni lugha yake, kituo kwa kituo, hata kule kusitasita kwake kabla ya kutaja jina la mtu aliyekufa. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na watoto wanne, na nililia maktabani hadi mhudumu akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Siku ile ndipo nilipojua ninataka kujua kitu. Jumbe wa kwetu alikuwa upande gani? Nani aling'oa pamba Nandete Julai 1905 na nani alikwenda kushtaki? Babu yangu alimaanisha nini aliposema, jioni ile ya tatu, kwamba njaa iliua wengi kuliko bunduki? Maswali haya hayakuwa na mshahara ndani yake. Hayakuniacha nilale.

Wazee wa mkekani watasema: haya, umelia, imesaidia nini? Nitawajibu kwa hesabu, maana wanapenda hesabu. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba katika vita vile na njaa yake walikufa Waafrika 75,000. Hiyo ndiyo idadi waliyotuachia. Miaka sitini na kitu baadaye Mtanzania mmoja, G. C. K. Gwassa, alikuwa anasoma shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akazunguka kwa miguu vilima na mabonde yale yale, akauliza kijiji kwa kijiji nani alibaki na nani alikwisha. Yeye alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tazameni tofauti hiyo. Ni watu zaidi ya laki moja na nusu, waliokufa na ambao aliyewaua hakuona haja ya kuwahesabu. Wangebaki hawakuhesabiwa mpaka leo kama ndugu zake Gwassa wangekaa mkekani wakamwambia asomee uhasibu. Na uhasibu gani huo, mkubwa kuliko huo?

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya jamaa za Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, akaomba msamaha. Nilitazama kwenye televisheni. Nilijua msamaha haufufui mtu, na kichwa cha chifu, ambacho inaaminika kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani, kilikuwa bado hakijapatikana. Lakini nilijiuliza: angeomba msamaha wa nini, kama wote waliokwenda kuuliza wangeogopa kicheko? Angekuta taifa ambalo halikumbuki limefanyiwa nini. Ni rahisi sana kutomwomba msamaha mtu wa namna hiyo.

Sitaki nionekane ninatetea historia peke yake kwa kuwa ndiyo yangu. Ebrahim Hussein, aliyeandika tamthilia ya *Kinjeketile* iliyotoka 1969, alikwenda Berlin kusomea uzamivu juu ya sanaa ya maigizo ya Afrika Mashariki. Kezilahabi alikuwa amekwisha kuchapisha *Rosa Mistika*, ana jina tayari, na bado alikaa chini kuandika tasnifu ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Gurnah wa Zanzibar alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Kent 1982, akapewa Tuzo ya Nobel 2021, na Watanzania tukaamka asubuhi ile kumtafuta kwenye maduka ya vitabu tukamkosa. Ilibidi tungoje hadi 2022 ndipo *Paradise* ikatokea kwa Kiswahili, ikiitwa *Peponi*. Najua mtasema hao ni watu wachache wenye vipaji. Ni kweli. Lakini niambieni, katika umri wa mjukuu wangu, nani angewatenga na wengine? Kipaji hakiandikwi usoni.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuparuka haraka, na kwa sababu hiyo hiyo nitakwenda polepole.

Katikati ya miaka ya 1990, mkufunzi mmoja kijana aliingia ofisini kwangu na barua ya kuomba ruhusa ya masomo. Alitaka kusomea uzamili wa fasihi simulizi. Kwao walikuwapo bibi watatu au wanne waliojua nyimbo za msiba za zamani, zile zinazoimbwa usiku kucha kwa zamu, kila ubeti ukimtaja marehemu wa familia hadi vizazi vingi nyuma. Alikuwa ameanza kuziandika kwenye daftari la shule, lenye mistari, kwa penseli. Alinionyesha. Niliona uzuri wake, nisije nikasingizia kwamba sikuona. Kisha nikamwambia, kwa sauti ya Mkuu wa Chuo, kwamba nyimbo za vibibi hazitampandisha cheo, kwamba chuo kinahitaji watu wa uongozi wa elimu, na kwamba kama ataandika upya barua yake nitaipitisha siku hiyo hiyo. Nilijiona ninamsaidia. Mimi, niliyelia maktabani miaka chini ya kumi kabla ya hapo!

Aliandika upya. Amefika mbali, sasa ni ofisa mwenye gari la kazi, na tukionana ananiamkia kwa heshima zote, "Shikamoo Mkuu." Mwaka juzi nilimuuliza juu ya lile daftari. Akasema lilipotea wakati wa kuhama. Nikamuuliza juu ya wale bibi. Akanitazama kama mtu anayetazamwa na mtoto aliyeuliza jambo la kipumbavu, akasema, "Mkuu, ni zamani hiyo." Bibi wa mwisho alifariki 2003. Msibani kwake hakuna aliyejua kuimba. Walicheza kanda ya redio.

Ndipo ninapowauliza wanaosema "asome kwanza chenye kazi, sanaa atasoma baadaye akitulia": baadaye ipi? Hisabati itakuwepo kesho. Fizikia itakuwepo, na atakayeichelewa atakuta imeongezeka. Lakini bibi wa miaka themanini na mitano hangoji mtu atulie. Elimu ya namna hii ina msimu kama korosho. Ukipita, unabaki kuokota makanda. Watu wenye umri wa mjukuu wangu ndio wenye miguu ya kupanda vilima na subira ya kukaa na mzee mpaka akumbuke. Akifika hamsini, ametulia kama mnavyotaka, atamkuta nani wa kumuuliza?

Na yeye anataka kuuliza nini? Mkekani hakuna aliyemuuliza hilo. Nilimuuliza mimi, wiki mbili baadaye, nilipompigia simu kumwomba radhi. Akasema anataka kusoma juu ya mahame. Anataka kujua habari za vijiji tulivyoviacha wakati wa Operesheni Vijiji, baada ya agizo la Novemba 1973 lililotaka kila mtu awe anaishi kijijini ifikapo mwisho wa 1976. Anataka kujua ile miembe iliyobaki porini ilikuwa ya nani, makaburi gani yaliachwa, nani alirudi usiku kuchukua mlango wake. Bibi yake mzaa baba alimsimulia kidogo kabla ya kufa, kisha akanyamaza, na binti hajaacha kuifikiria ile nusu nyingine.

Nilishika simu, nikakosa la kusema. Maana mwaka 1974 mimi nilikuwa mwalimu kijana, mbali na kwetu, na ndiye niliyepewa daftari la kuandika nyumba. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikwenda mlango kwa mlango na viongozi, nikiandika jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, na siku ya kuhama. Niliamini tunachokifanya, shule na zahanati vilikuwa vinakuja, na kwa kweli vilikuja. Vilevile niliona paa zikiezuliwa watu wakiwa bado wanatoa vyungu. Kuna mama aliniambia maneno fulani siku ile, nami sijayasema kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu. Pale Mbagala, wazee walipocheka na mimi nikakohoa, sikuwa ninafikiria ajira hata kidogo. Sikujua bado anataka kusomea nini, lakini "historia" ni neno pana, nami nina umri ambao mtu anaweza kuulizwa. Sidhani kama nilikuwa peke yangu mkekani pale.

Basi ada ya mwaka wa kwanza nimeilipa mimi, nusu kwa pensheni na nusu kwa machungwa ya shamba la Kipatimu, ambayo mwaka huu yalipata bei. Ukoo ukitaka kuchangia mwaka wa pili, milango iko wazi. Sikumwahidi kazi, wala yeye hakuniuliza juu ya kazi. Kitu alichoniuliza ni kama anaweza kuanza na mimi. Nilimwambia aje Jumamosi baada ya adhuhuri, aje na kile chombo chake cha kurekodi sauti, na asije na mama yake. Nimekwisha kutafuta lile daftari la 1974 katika sanduku la chini ya kitanda. Lipo. Mchwa wamekula jalada na kurasa za mwanzo, lakini kuanzia nyumba ya kumi na tisa majina yanasomeka.